Seti Kumi za Jumapili

Rafiki yangu Seremala aliharibika figo kwa mazoezi niliyompa mimi. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, seti kumi za kuchuchumaa na chuma begani. Alistahili mbili. Nilijua alistahili mbili, kwa sababu kanuni hiyo nimewaambia watu kwa mdomo wangu mwenyewe tangu nianze kazi hii, na yeye alikuwa mmoja wao.

Kazi yangu ni kufundisha watu kunyanyua vyuma. Shule niliacha darasa la sita. Misuli nimejifunza kwanza kwa mwili wangu, halafu kwa kitabu kimoja kisicho na jalada, halafu kwa kozi ya wiki tatu ambayo mwenye jimu alinipeleka ili apate cheti cha kutundika ukutani. Cheti kipo, juu ya pipa la maji ya kunywa, na unyevu umeshaanza kukila pembeni. Lakini niliyofundishwa kule ninayo kichwani. Siwezi kusema sikujua.

Jimu yetu ni bohari ya zamani nyuma ya duka la vipuri. Chumba kirefu, bati juu, feni mbili, inayozunguka ni moja. Wateja walikuwa kama arobaini. Kisha ikafunguliwa jimu nyingine kwenye barabara kubwa, yenye hewa baridi na mashine zinazokuonyesha mapigo ya moyo wako, nao wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, kama watu wanaotoka kwenye msiba wa mtu wasiyemjua vizuri. Nikabaki na wanawake watatu wa asubuhi, na karani mmoja mstaafu mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye huja kwa ajili ya magoti yake na kuzungumzia sukari yake.

Mimi naishi hapo hapo. Chumba changu kiko nyuma ya ukumbi: kitanda, jiko la gesi, meza, kiti kimoja. Mke wangu aliondoka, huu ni mwaka wa sita. Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na kabati, imara lakini halijibu. Binti yangu ameolewa mbali. Hunipigia simu kila baada ya wiki mbili, dakika nne, huku akimvalisha mtoto viatu. Kelele za viatu nazisikia vizuri kuliko maneno yake.

Seremala ndiye aliyekuwa mtu wangu. Miaka kumi na moja alikuja mara tatu kwa wiki, saa kumi jioni, akishafunga karakana yake, vumbi la mbao kwenye nyusi na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa msemaji. Akikaa kupumzika baina ya seti, anaanza hadithi. Akirudi kwenye chuma, anaikatiza. Akimaliza, anaendelea pale pale alipoachia. Mimi sikuhitaji kusema kitu. Nilihesabu tu, na nikacheka panapochekwa.

Hapo kwenye kuhesabu lazima nieleze, maana ndiko kosa lilikotokea. Mtu aliyebeba chuma begani hahesabu. Anayehesabu ni kocha. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyofanya, kwa sababu mwenye mzigo akijihesabia huanza kuuogopa mzigo kabla haujamlemea. Yeye anapumua, wewe unahesabu. Na makocha wote, nasema wote, huiba hesabu. Mtu amefika mara ya nane, wewe unasema saba. Amefika ya tisa, unasema nane. Anaongeza moja bila kujua, anatoka na nguvu ambayo asingeitoa kwa kuombwa. Ni uongo mdogo wa kazi, kama ule wa fundi nguo anayekwambia njoo Jumamosi.

Mwaka jana mama yake Seremala alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alikuwa mtoto pekee aliyebaki. Akafunga karakana, akaenda kwa mama yake, akamuuguza miezi minane mpaka alipofariki. Mkewe, shemeji yangu, alibaki na nyumba. Kwa miezi minane hiyo, saa kumi jioni ilikuwa ikifika mimi nipo kwenye benchi, mikono magotini, nasikiliza feni. Karani mstaafu aliniuliza siku moja kwa nini nimekonda. Nikamwambia kazi nyingi. Akatazama ukumbi mtupu, akatazama viatu vyake, akaanza kunieleza sukari ilivyopanda asubuhi ile.

Ijumaa moja Seremala akanipigia. Amerudi. Jumapili atakuja kunyoosha viungo, kama naweza kumfungulia. Jumapili huwa tunafunga. Nikasema nitafungua. Jumamosi nilifagia ukumbi mara mbili na kupaka chuma mafuta.

Alipoingia tulishikana mikono muda mrefu, nikampa pole ya mama. Kisha akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Umeota mvi, kocha."

"Na wewe umeota tumbo."

"Hili si tumbo, ni rambirambi. Kila aliyekuja kunipa pole alikuja na sufuria. Ningekataa wangesema nina kiburi."

"Hukukataa hata moja?"

"Mimi ni nani nimkatae mtu mwenye huzuni?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikuwa nimecheka kwa sauti tangu aondoke, na koo lilikuwa limesahau.

Sasa nieleze mwili, kwa ufupi, kama ninavyowaeleza wateja. Mtu aliyezoea chuma, akikaa miezi minane, nguvu humrudia haraka. Mishipa ya fahamu haisahau njia. Siku ya kwanza tu atanyanyua uzito utakaokushangaza, na yeye mwenyewe atadhani hajapoteza kitu. Huo ndio mtego. Amri imerudi, lakini nyuzi za msuli zinazopokea amri zimelegea, zimepoteza ule ugumu wa kuvumilia. Na kinachozichana zaidi si kupanda, ni kushuka. Ukipanda na chuma, msuli unajikunja huku ukivuta. Ukishuka, unanyooshwa huku ukizuia, kama watu wanaoteremsha kabati ghorofani kwa kamba. Kamba haikuchubui viganja wakati wa kuvuta kabati juu. Inakuchubua wakati wa kuliteremsha.

Kwa hiyo anayerudi hupewa seti mbili, uzito nusu, ashuke kwa kasi ya kawaida, aende nyumbani. Wiki ya pili tatu. Nyuzi zikichanika kidogo zinajiziba, na safari nyingine zinavumilia. Ndivyo mtu anavyopata nguvu, hakuna uchawi. Zikichanika kupita kiasi, vilivyomo ndani ya msuli vinamwagika kwenye damu, damu inavipeleka kwenye figo, na figo ni chujio. Chujio likimiminiwa matope linaziba. Haya yote niliyajua Jumapili ile, saa tisa, nikiwa nimesimama nyuma ya Seremala na mikono yangu chini ya chuma.

Niliweka kilo sitini. Zamani alikuwa akichuchumaa na mia na kumi, kwa hiyo sitini ilionekana kama heshima. Seti ya kwanza, mara kumi, akapanda na kushuka kama mlango uliotiwa mafuta bawabani.

"Bado ipo," akasema.

Seti ya pili pia safi. Akarudisha chuma kwenye stendi, akafuta uso, akanyoosha mkono akachukua shati lake pale kwenye benchi.

"Basi, kocha. Mbili. Shemeji yako amesema nisikawie, kuna wageni."

Nilimtazama akiwa na shati mkononi. Dakika ishirini hazijatimia tangu aingie. Baada ya hapo ilikuwa mimi na feni mpaka Jumatatu asubuhi.

"Bado moja," nikasema.

"Si wewe unayesema mbili kwa anayerudi?"

"Hiyo ni kwa wagonjwa."

Akaweka shati chini. Alikuwa akiniamini, huwezi kumpa mtu mgongo wako na kilo sitini kama humwamini. Akapiga ya tatu. Kisha akakaa, na kwa vile alikuwa anapumzika, akaanza kusimulia. Alinisimulia mama yake. Namna alivyojifunza kumchana nywele bila kumuumiza. Namna bibi kizee alivyoanza kumwita kwa jina la mumewe marehemu, akimgombeza kwa makosa ya miaka arobaini iliyopita, naye Seremala akawa anaomba msamaha kwa niaba ya baba yake, kila siku, mpaka akasamehewa.

"Siku aliponisamehe nilitaka kulia," akasema. "Nikajiuliza, mzee alifanya nini hasa?"

Mapumziko ni dakika tatu. Nikaona hesabu iko wazi: kila seti inanipa dakika tatu za mtu huyu. Nikasema, haya, ya nne. Baada ya ya nne nikasema, haya, ya nne. Hakushtuka. Alikuwa na hadithi kichwani na jasho machoni. Nilikuwa nimeiba mara moja moja miaka yote. Jumapili ile niliiba seti nzima nzima.

Ya sita niliyoiita ya tano nilimwambia ashuke polepole, kwa hesabu ya tano, eti kumrudishia umbo. Umbo lake halikuwa na kasoro. Kushuka polepole kunachukua muda mrefu zaidi, basi. Ya nane miguu ilianza kutetemeka. Ya tisa nilimsaidia kunyanyua, akashuka mwenyewe, nikamsaidia tena, akashuka tena. Yaani nilimwondolea kazi isiyodhuru nikamwachia inayodhuru. Ya kumi, nilipokirudisha chuma kwenye stendi pamoja naye, nilisema, "Sita. Umemaliza." Akakaa sakafuni akicheka, mgongo ukutani.

"Sita tu? Kweli nimezeeka."

"Utarudi."

"Nisaidie kusimama basi, nirudi nyumbani kwanza."

Aliondoka saa kumi na nusu, akishikilia ukuta. Nilifagia tena ukumbi. Nilikuwa napiga mluzi.

Jumatatu mchana akanipigia.

"Kocha, siwezi kukaa chooni. Shemeji yako ananishusha kwa kunishika kwapa. Anasema amenioa upya, bwana harusi mzee."

"Kawaida. Siku ya pili ndiyo mbaya."

"Mapaja yamekuwa magumu. Suruali haipandi."

"Damu inajaa. Kunywa vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili jioni."

Hilo nalo lilikuwa kosa. Vidonge vile vinabana figo, na figo zake zilikuwa tayari zinazama. Lakini ndilo jibu ambalo makocha tunalo mfukoni kwa kila mtu, nami nililitoa bila kufikiri, kama mtu anayejibu salamu.

Jumanne saa mbili asubuhi akapiga tena. Sauti ilikuwa chini, kama anayezungumza kutoka kitandani.

"Kocha. Mkojo wangu umekuwa kama kahawa."

Mwalimu wetu wa kozi alikuwa muuguzi, mwanamke mnene asiyecheka. Siku ya mwisho alituambia kitu kimoja akatulazimisha tukiseme sote kwa sauti, watu ishirini na tano: mkojo mweusi baada ya mazoezi si wa kujadiliwa, ni wa kukimbizwa hospitali. Niliyasikia maneno yale sikioni, simu ikiwa kwenye sikio la pili.

"Hunywi maji," nikamwambia. "Kunywa maji mengi. Jioni nipigie."

"Sawa, kocha."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu si refu. Kama ule ni ugonjwa niliofundishwa, basi ni mimi niliyeufanya. Kama ni kiu, basi ni kiu. Nikachagua kiu. Wanawake watatu wakaja, nikawahesabia. Karani mstaafu akaja, nikamhesabia. Nilihesabu kwa uangalifu siku hiyo, moja kwa moja, sikuruka hata namba.

Saa kumi jioni simu ilikuwa haijalia. Nikapiga mimi, akapokea shemeji.

"Amelala," akasema. "Maji aliyokunywa yote ameyatapika. Na tangu saa sita mchana hajaenda haja ndogo."

Nilitoka na kaptura ya mazoezi kama nilivyokuwa. Kwao si mbali, ni kutembea robo saa, nilikimbia. Nilimkuta kwenye kochi, mapaja yamevimba, ngozi inang'aa, ukigusa ni kama unagusa mbao. Tulimbeba mimi na dereva wa teksi. Hakulalamika. Aliniomba tu nisimpinde magoti.

Hospitali, daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimlaza, akamtundikia chupa ndogo ya maji, akaanza maswali. Amekula nini. Amekunywa dawa za miti shamba. Ana malaria ya mara kwa mara. Huko kwa mama yake alikokaa miezi minane, maji wanayatoa wapi. Kila swali alimgeukia shemeji, na shemeji alikuwa akijibu huku akizidi kujikunja, kana kwamba sufuria zake ndizo zinazoshtakiwa.

"Alifanya mazoezi Jumapili," shemeji akasema mwishowe. "Na huyu hapa."

Daktari akanitazama kaptura, kisha akamwuliza mgonjwa. "Mazoezi gani, baba?"

"Kuchuchumaa," Seremala akasema. "Seti sita. Mimi ni mzoefu, daktari. Sita ni kitu kidogo."

Daktari akaandika. Niliweza kumwona akiifunga njia hiyo kichwani. Watu hufanya seti sita kila siku na kurudi makazini. Akasema mkojo wa namna hii anaona zaidi kwa malaria iliyokithiri au ini. Ataanza dawa ya malaria ya sindano na nyingine ya kuzuia maambukizi, vipimo vya damu vingerudi asubuhi. Akamwita muuguzi aliyekuwa mlangoni na kumpa karatasi.

Muuguzi alikuwa anaondoka nayo.

"Zilikuwa kumi," nikasema.

Muuguzi akasimama. Seremala akageuza kichwa kwenye mto.

"Sita, kocha. Ulihesabu mwenyewe."

"Nilihesabu uongo. Zilikuwa kumi. Na kuanzia ya sita ulishuka kwa hesabu ya tano. Ya tisa na ya kumi nilikunyanyulia, ukawa unashuka tu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Alikuwa amepumzika muda gani kabla ya hapo?"

"Miezi minane."

"Alikunywa dawa yoyote?"

"Vidonge vya maumivu. Nilimwambia mimi."

"Mkojo ulibadilika lini?"

"Leo asubuhi. Saa mbili."

"Nani alijua?"

"Mimi."

Akatazama saa ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Hakunigombeza. Aliichukua karatasi mkononi mwa muuguzi akaichana, akaandika nyingine upesi, akaagiza chupa kubwa za maji mbili kwa pamoja, na damu ipelekwe maabara sasa hivi, si kesho. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kama mngefika asubuhi, pengine maji haya yangetosha."

Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Nilitegemea atapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Maji hayakutosha. Usiku ule na siku iliyofuata figo hazikutoa kitu, na Alhamisi walianza kumsafisha damu kwa mashine. Nilikuwa nakwenda saa ya kuona wagonjwa, nakaa kwenye benchi la korido. Shemeji alikuwa akipita na ndoo au chupa, namwamkia, anaitikia. Ndani hakunikaribisha. Siku ya saba alikwenda dirishani kwa mambo ya dawa, nikaingia.

Seremala alikuwa amekonda shingo na kuvimba uso. Mapaja yaliyojaa kama magogo yalikuwa yamenywea chini ya shuka. Penseli haikuwepo sikioni, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonitia uchungu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nimelala hapa nahesabu dari. Mbao mia na nane, mbili zimepigwa vibaya. Nimekosa la kufanya, nikawa najiuliza swali moja. Wewe ndiye uliyenifundisha mbili. Miaka kumi na moja hukuwahi kunivunja hata ukucha. Kwa nini kumi?"

Nilifikiria kusema nilisahau. Angekubali. Alikuwa mtu wa kukubali.

"Ulikuwa umeshika shati," nikasema.

"Shati?"

"Ulitaka kwenda. Na mimi sikutaka uende."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa akikohoa na mwingine akimpiga mgongo. Seremala akafumba macho, nikadhani amelala.

"Ungesema kaa," akasema. "Kama nilivyokwambia wewe sasa hivi. Neno moja. Ningekaa, nikanywa maji, nikakusimulia mpaka ukanifukuza."

"Mwanaume mtu mzima hamwambii mwenzake hivyo."

"Ila anaweza kumtwika kilo sitini."

Alikuwa kama anataka kucheka, lakini tumbo lilimuuma akaacha. Nikanyoosha mkono kumrekebishia mto. Akauzuia, taratibu, kwa kiganja chake kigumu cha mbao.

"Acha," akasema. "Atakuja yeye anirekebishie."

Siku alipotoka hospitali nilikwenda kusaidia kumshusha ngazi. Walikuwa wameshapata mtu wa kumshusha. Shemeji alinisubiri pembeni ya gari, kanga imefungwa kiunoni, mfuko wa dawa mkononi.

"Shemeji," akasema, "sina kinyongo, Mungu ni shahidi. Ungeweza kunyamaza pale kwa daktari na ungenifanya mjane. Hilo nitalikumbuka. Lakini usije nyumbani. Kila nikikusikia nasikia unahesabu."

Nikasema nimeelewa. Akaniaga vizuri, kwa heshima, kama anavyoagwa mtu anayesafiri.

Nilimweleza mwenye jimu habari yote. Alinisikiliza akichezea funguo, akasema nisimsimulie mtu mwingine, wateja wenyewe wamebaki wanne. Niliwasimulia wote wanne siku hiyo hiyo. Mwanamke mmoja hakurudi. Karani mstaafu alifikiri kidogo, kisha akasema kuanzia sasa atajihesabia mwenyewe, na anajihesabia, kwa sauti, huku mimi nimesimama pembeni na mikono yangu.

Gharama yake ni hii. Siku kumi na tisa hospitalini. Kusafishwa damu mara saba. Figo zimerudi, lakini si zote: daktari alisema kazi waliyokuwa wakiifanya watu kumi sasa inafanywa na sita, na wale wanne hawatarudi. Chumvi amekatazwa, vidonge vya maumivu amekatazwa maisha, kunyanyua kitu kinachozidi kilo ishirini amekatazwa mwaka mzima, na mlango mmoja wa mbao ngumu una kilo arobaini. Milango kumi na minne ya shule aliyokuwa ameahidiwa amepewa fundi mwingine. Mwili wake umepungua kilo kumi na moja, nyingi za mapajani. Miezi mitano ilipita kabla hajaweza kusimama kwenye meza ya randa kutwa nzima. Simu, kwa miezi hiyo mitano, alinipigia moja, kunijulisha kwamba amesimama. Tulizungumza dakika mbili. Jimu hajakanyaga. Mimi nilikuwa na rafiki mmoja.